Namna Nilivyokosea Umri wa Kambare

Mama yangu alinivumilia mengi tangu tuhamie Kigali kutoka Karagwe nilikozaliwa, lakini miiba ya kambare juu ya meza ya chakula ilimshinda.

"Mtu mzima na kazi yako," aliniambia, "halafu unaingiza mifupa ndani kama paka."

Nilikuwa nimetandaza gazeti, taa nimeisogeza karibu, na mkononi nina msumeno mwembamba wa sonara niliotengenezewa mpini na fundi mmoja wa mtaa wa Gikondo. Kambare ana mwiba mgumu mbele ya kila pezi la kifuani. Ukiuchemsha mwiba huo, ukaukata kipande chembamba kama ukucha, ukakisugua kwa msasa mpaka mwanga upite, utaona pete ndani yake, nyeusi na nyeupe, kama za gogo la mti. Samaki anapokula vizuri na kukua haraka, mfupa wake hutengeneza pete pana, ya rangi nyepesi. Anapobanwa na njaa au baridi, pete huwa nyembamba na nyeusi. Ukizihesabu nyeusi, moja kwa kila mwaka, unajua ameishi muda gani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Mimi ni mtaalamu wa samaki. Watu wakisikia hivyo hudhani nauza. Kazi yangu ni kuwapima: urefu, uzito, jinsia, umri. Wakati ule nilikuwa nakwenda mara mbili kwa mwezi kwenye ziwa dogo la upande wa mashariki, natoka nyumbani Kagarama, mtaa wetu wa Kigali, asubuhi na kufika wavuvi wakiwa bado wanatoa samaki ndoanoni. Ushirika wao ulikuwa na mitumbwi michache na watu waliojuana tangu utoto. Walinipokea vizuri. Waliniita mwalimu wa samaki, na walininyamazia pale nilipowakera, jambo ambalo kwetu Wanyarwanda ni adabu na pia ni onyo.

Nilichokiona kwenye daftari langu hakikuhitaji chuo. Kila mwezi, kambare mkubwa kuliko wote waliovuliwa alikuwa mfupi kuliko mkubwa wa mwezi uliopita. Wa wastani walikuwapo, wadogo walikuwapo, lakini wale wakubwa hasa, wa kubebwa kwa mikono miwili, walikuwa wanakwisha.

Nilijua wanakwenda wapi. Walikuwa wanakwenda Gikondo, kwenye mkahawa wa mama mmoja aliyekulia Bujumbura, aliyerudi na mapishi ya huko na ulimi wa huko. Mkahawa wake ulikuwa nyuma ya magereji, na mwishoni mwa wiki hukupata kiti. Alikuwa akimchoma kambare mzima, na vitunguu na pilipili juu, akamleta mezani kwenye sinia refu lililobebwa na watu wawili. Wateja walisimama. Walipiga picha kwanza, wakala baadaye. Ukutani alikuwa amebandika picha za masinia hayo, na chini ya kila picha tarehe. Kambare wa kawaida alinunua kama wengine wanavyonunua, ila kumchukua mkubwa alituma gari lake mwenyewe mpaka ziwani.

Siku moja wavuvi walitoa kambare ambaye mpaka leo sijamwona wa kumshinda. Alikuwa jike. Kichwa chake kilikuwa kipana kama sahani, na alipolazwa kwenye ubao wangu wa kupimia mkia ulining'inia nje. Gari la mama wa Gikondo lilikuwa limeshafika. Niliomba mwiba mmoja wa pezi, nikapewa, nikaufunga kwenye leso.

Jioni ile, mama yangu akiwa anasonya jikoni, nilihesabu pete ishirini na sita. Nilihesabu mara tatu. Nilimpigia simu mwenzangu wa chuo kumwambia nimepata kambare wa miaka ishirini na sita, naye akasema haiwezekani, nami nikamwambia aje aone mwenyewe. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani.

Wiki mbili baadaye niliomba nafasi kwenye mkutano wa ushirika. Walikaa kwenye nyasi karibu na mizani. Nilikuwa nimejiandaa. Niliwaambia kwamba yule samaki waliyemuuza alianza maisha yake kabla wengine wao hawajaoa. Nikawaambia kambare wa aina ile hawezi kurudishwa kwa mwaka mmoja wala mitano, na kwamba tukiendelea kuwatoa wakubwa, wajukuu wao watasikia habari zao kama hadithi. Nilisema vizuri. Nilijiona nasema vizuri.

Mzee mmoja aliinua mkono. Alikuwa mvuvi mkongwe kuliko wote pale, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata juani. Kiswahili chake alikichukua Goma, alikobeba mizigo ujanani, na alipenda kuzungumza nami kwa lugha hiyo kwa sababu alijua Kinyarwanda changu kilikuwa na Karagwe ndani.

"Mwarimu," alisema, "hii samaki haiko na miaka ishirini na sita."

"Mzee, nimehesabu pete zake."

"Pete umehesabu vizuri. Miaka ndiyo umehesabu mubaya."

Watu walicheka kidogo. Nilimuuliza anafikiri ana mingapi.

"Nusu," alisema. "Iko na kumi na mitatu. Fikiria weye mwenyewe. Hapa kwetu, kwa mwaka moja, mvua inakatika mara ngapi?"

Alinyoosha vidole viwili.

"Iko urugaryi, ule ukame mufupi baada ya Noeli. Halafu iko impeshyi, ule murefu wa katikati ya mwaka. Maji inashuka mara mbiri. Chakula inapungua mara mbiri. Weye unafikiri samaki anasikia njaa mara moja tu, kwa sababu ya kitabu?"

Ningependa kuandika kwamba nilikubali palepale. Sikukubali. Nilimjibu kwa heshima, nikasema pete hazifuati mvua moja kwa moja, nikatumia maneno mawili matatu ya kitaalamu ambayo sikuwa na haja nayo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ana bwawa la samaki kwenye kiwanja chake kule Masaka, pembeni mwa Kigali, na ndani yake mna kambare mmoja ambaye umri wake unajulikana na padri.

Alieleza. Wiki aliyobatizwa mjukuu wake wa kwanza wa kike, alitia vifaranga vya kambare bwawani kwa furaha. Wote walishaliwa isipokuwa mmoja, ambaye mjukuu alimkataza babu yake asimguse. Mtoto yule sasa alikuwa anasoma shule ya msingi, na kadi yake ya ubatizo ilikuwa nyumbani kabatini.

"Miye sitakuambia ni lini," alisema. "Weye kata mwiba, hesabu, uniambie. Halafu tutafungua kadi."

Wote wakageuka kunitazama. Nilisema sawa, na nilisema haraka, maana nilikuwa na uhakika.

Tulikwenda Masaka Jumamosi. Mzee, mimi, na wanaushirika watano waliotaka kushuhudia, kila mmoja kwenye pikipiki yake, tukapita kwenye vile viwanja vya maharage vilivyobanwa na nyumba mpya. Bwawa lilikuwa nyuma ya migomba, si kubwa kuliko sebule yangu. Ilichukua muda kumpata kambare kwa wavu, na alipopatikana mzee alimshika yeye mwenyewe, amemfunika macho kwa kitambaa kilicholowa, huku akimsemesha. Nilikata mwiba mmoja karibu na mzizi, kwa uangalifu, na akarudishwa majini mzima. Mjukuu hakuwapo, babu alikuwa ameichagua siku ambayo mtoto amekwenda kwa mama yake mkubwa.

Nilikuwa nimebeba hadubini na vifaa vyote. Nilifanya kazi pale pale barazani, wanaume watano wamenizunguka kama watu wanaoangalia gari linatengenezwa. Nilisugua kipande, nikakisafisha, nikakitazama. Pete zilikuwa safi kuliko za ziwani. Nilihesabu polepole kutoka katikati kwenda nje.

Kumi na saba.

Kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeshajua. Mtoto wa shule ya msingi hawezi kuwa na miaka kumi na saba. Nilikaa nimeinamia ile hadubini kwa muda ambao haukuhitajika tena, masikio yakiwa ya moto.

"Sema tu, mwarimu," mzee alisema taratibu.

"Pete kumi na saba."

Alikwenda ndani akarudi na kadi kwenye mfuko wa nailoni. Aliniachia niisome mwenyewe. Tangu mtoto yule abatizwe ilikuwa imepita miaka minane na nusu. Gawanya kumi na saba kwa mbili.

Hakuna aliyecheka safari hii, na hilo lilikuwa zito kuliko kicheko. Nilirudisha kadi kwa mikono miwili. Nikawaambia, wote sita, kwamba nimekosea, kwamba nilisoma kitabu cha nchi zenye majira mengine na nikakipachika kwenye ziwa lao, na kwamba mzee amenifundisha jambo nililopaswa kuuliza kabla ya kuhesabu. Nilisema kwa Kinyarwanda, ili nisijifiche kwenye lugha niliyoizoea. Mke wa mzee akatuletea uji wa mtama, tukanywa.

Nikiwa kwenye pikipiki kurudi Kagarama nilitegemea kujisikia vibaya zaidi kuliko nilivyojisikia. Kosa langu halikuwa la kubahatisha. Lilikuwa nusu kamili. Maana yake, pete zilikuwa za kweli na mkono wangu ulikuwa wa kweli. Kilichokuwa kimepungua ni kujua mvua ya hapa. Sasa nilikuwa nayo. Usiku huo sikuvuta meza kukata miiba. Nililala usingizi mzito, na kesho yake nikachukua upya miiba yote niliyokuwa nimeihifadhi kwenye bahasha na kuandika umri mpya kwenye kila moja.

Ndipo picha ikatokea wazi. Kambare wa ziwa lile anakimbia utotoni na kutambaa utu uzimani. Mwaka wake wa kwanza na wa pili anaongezeka karibu shibiri nzima. Akishafika urefu wa mkono wa mtu, anaanza kujivuta, na kwa mkubwa hasa mwaka mzima unaweza kumwongezea upana wa kidole. Yule jike aliyekwenda Gikondo hakuwa na miaka ishirini na sita, lakini kumi na mitatu si mchezo. Na katika miaka hiyo yote, kila mvua zilipoanza alikuwa akitaga, mayai mengi kuliko majike wadogo kumi wakikusanywa pamoja.

Nilirudi kwenye nyasi za mizani na hesabu mpya. Sikuhutubia. Nilimwomba mzee akae kando yangu, na kila nilipotaja umri nilimgeukia athibitishe. Watu waliuliza maswali ambayo mara ya kwanza hawakuyauliza. Mmoja akataka kujua: kama mkubwa hakui tena, si afadhali tumle, tuwaachie wanaokua?

Lilikuwa swali zuri, nikamwambia hivyo. Mzee ndiye aliyelijibu.

"Ng'ombe mwenye kuzaa kila mwaka, weye unamuchinja kwa sababu ameacha kurefuka?"

Tukaanza kupanga la kufanya.

Tulichokubaliana kilikuwa chepesi. Kwenye kila kasia tulichonga alama mbili. Samaki aliye mfupi kuliko alama ya kwanza anarudi majini, kwa sababu hajazaa bado. Aliye mrefu kuliko alama ya pili naye anarudi, kwa sababu ndiye mama wa ziwa. Wa katikati ni wetu. Wale wakubwa tuliowarudisha tuliwatia kialama cha plastiki chenye namba karibu na pezi la mgongoni, ili wakivuliwa tena tuwapime.

Kumweleza mama wa Gikondo kulibaki kazi yangu. Nilimkuta anakagua mkaa, ameweka kitambaa kichwani, na kabla sijamaliza sentensi ya tatu aliweka koleo chini.

"Dada yangu," alisema, "weye unajua watu huja hapa kula nini?"

"Samaki."

"Hapana. Wageni wangu hula kwa macho kwanza. Nikiwaletea kambare wa kama mkono, hata nyumbani wanaye. Mimi nauza ile sinia inayopita mlangoni kwa upande."

Nikamweleza miaka kumi na mitatu. Nikamweleza mayai. Alisikiliza akiwa anatazama ukuta wa picha, na mimi nikautazama pia. Tarehe za kwanza zilikuwa na samaki waliozidi sinia pande zote mbili. Za karibuni walikuwa wanaenea ndani, na pembeni pamejazwa ndizi.

"Umeziona mwenyewe," nilimwambia.

"Nimeziona kabla yako," akajibu kwa ukali. "Ndiyo sababu nawahi kununua waliobaki."

Nilifikiri sana juu ya jibu hilo. Hakuwa mjinga wala mlafi. Alikuwa ameona kitu kinakwisha, akafanya kile ambacho wengi wetu hufanya kitu kinapokwisha.

Miezi kadhaa baadaye alikuja ziwani mwenyewe. Alikuwa na karamu ya harusi ya watu wakubwa, na bwana harusi alikuwa ameomba sinia lile la zamani. Alifika mapema, amevaa viatu vya mpira, akasalimia kila mtu kwa mkono. Na kama ilivyo kawaida ya mambo, asubuhi hiyo hiyo ndoano ya mzee ilikuwa imeshika jike mkubwa. Alikuwa mrefu kuliko alama ya pili kwa kiasi ambacho hakuna aliyehitaji kupima, ingawa nilipima.

"Mzee," mama wa Gikondo alisema, "huyu mmoja tu. Nina neno la watu. Utanivua nguo mbele zao?"

Wavuvi wengine walitazama chini. Mimi nilikuwa na ubao mkononi na sikusema kitu. Nilihisi kwamba nikisema, itakuwa sheria yangu, na ikiwa yangu haitadumu. Mzee alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, amemkumbatia samaki.

"Mama, njoo umushike," alisema.

Yule mama alisita, kisha akaingia majini na viatu vyake. Mzee akamwonyesha pa kuweka mikono, moja chini ya kichwa, moja karibu na mkia. Tumbo la samaki lilikuwa limejaa mayai, na mtu akimshika hivyo anayasikia, mazito na laini, yanahama kidogo chini ya vidole. Uso wa yule mama ulibadilika. Alikuwa amewapasua mamia ya kambare mezani kwake, lakini nadhani hakuwahi kumshika mmoja anayepumua.

"Sasa weye amua," mzee alimwambia. "Ukitoka naye, hakuna mutu hapa atakukamata."

Samaki alijigeuza mara moja, akamrushia maji usoni. Kisha yule mama alishusha mikono chini polepole, na jike yule akabaki ameelea pale kidogo, kana kwamba hajui kuwa ameachwa, halafu akazama.

Mama wa Gikondo alitoka majini, akaingia garini amelowa, akaondoka. Nilidhani tumempoteza. Alikaa muda mrefu bila kutuma gari, na wavuvi wawili walinung'unika kwamba mwalimu amewafukuzia mnunuzi. Sikuwalaumu.

Aliponipigia simu, hakuanza na salamu.

"Wale wa katikati," alisema, "wakilazwa watatu kwa mkupuo, kichwa huku na mkia kule, wanajaza sinia. Nimejaribu. Wanaiva vizuri kuliko yule mmoja, maana mkubwa huungua nje kabla ndani hajaiva. Hilo nililijua siku zote, sikupenda tu kulisema." Akaendelea: "Ile harusi niliwapikia mbuzi. Wamenisamehe."

Tangu siku hiyo gari lake linakuja tena. Kambare wa alama ya kati wameongezeka kwenye daftari langu, mwaka baada ya mwaka, na wale wenye vialama huvuliwa mara moja moja, wanapimwa, wanaachwa. Namba saba tumemshika mara tatu. Baina ya mara ya pili na ya tatu ulipita mwaka, na aliongezeka upana wa kidole changu cha shahada. Nilimwonyesha mama yangu kidole hicho nilipofika nyumbani, naye akasema kuwa ni zaidi ya alivyoongezeka yeye tangu anizae.

Mwezi uliopita walikuja wavuvi wa ziwa jingine kujifunza. Walitaka kunisikiliza mimi, wamekaa na madaftari, lakini niliwapeleka kwa mzee. Aliwakalisha kwenye nyasi, akavua kofia yake ya sufu kwa heshima ya wageni, akawauliza kwa Kinyarwanda mvua yao hukatika mara ngapi kwa mwaka. Mmoja akajibu mara mbili. Mzee akampa mkono, akaanza somo.